Leseni ya uuguzi New York kwa waliosomea Afrika Mashariki na Kongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya muuguzi aliyesomea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anayetaka kufanya kazi katika jimbo la New York, awe bado yuko nyumbani au tayari anaishi Bronx, Rochester au Buffalo. Ada hupanda bila kupiga hodi, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia kiwango cha siku hiyo kwenye tovuti ya ofisi husika.

## Mambo ya mwanzo

1. Leseni hutolewa na ofisi gani?

Idara ya Elimu ya jimbo, yaani New York State Education Department, kupitia kitengo chake kiitwacho Office of the Professions kilichoko Albany. Umesoma sawa: ni Elimu, si Afya. New York taaluma nyingi, udaktari na uhasibu zikiwemo, zimewekwa chini ya Idara ya Elimu. Watu hupoteza wiki nzima wakiandikia Idara ya Afya, ambayo katika habari hizi kazi yake ni rejista ya wasaidizi wa wauguzi tu.

2. RN, LPN na CNA wanatofautianaje?

RN (registered nurse) ni muuguzi kamili: anapima hali ya mgonjwa, anapanga huduma, anawaelekeza wengine. Anatakiwa awe na miaka 18 na afaulu NCLEX-RN, mtihani wa Marekani wa kupata leseni ya uuguzi. LPN (licensed practical nurse) hufanya kazi chini ya maelekezo ya RN au daktari, mtihani wake ni NCLEX-PN, na umri wa chini ni miaka 17. Ada ya maombi ya kwanza kwa wote wawili imekuwa dola 143.

CNA (certified nursing assistant) hana leseni ya uuguzi. Ni msaidizi aliyepata mafunzo yasiyopungua saa 100, zikiwemo 30 za vitendo kwa wagonjwa, kisha akafanya mtihani na kuingizwa kwenye rejista ya Idara ya Afya. Msaidizi wa nyumbani mafunzo yake ni saa 75. Kazi hizi zinalipa kodi ya nyumba, lakini hata ukizifanya miaka kumi hazikusogezi hatua moja kuelekea RN. Na kujiita RN au kufanya kazi ya RN bila leseni ni kosa la jinai New York, hata kama kwenu ulikuwa msimamizi wa wodi.

3. Lazima niwe raia au niwe na green card?

Hapana. Leseni ya RN New York haidai uraia. Nambari ya hifadhi ya jamii (Social Security) nayo si sharti la kuomba: kama huna, acha nafasi hiyo wazi kwenye fomu. Usiandike nambari ya kubuni wala ya ndugu yako.

Ila leseni haikupi ruhusa ya kuingia Marekani wala ya kuajiriwa. Hiyo ni njia nyingine kabisa (swali la 17).

4. Kwa nini wauguzi wengi wa kwetu huanzia New York?

Kwa sababu nambari ya hifadhi ya jamii si sharti, na kwa sababu nyingine kadhaa. Jimbo halidai mtihani wa Kiingereza ili kukupa leseni. Ukifaulu NCLEX unahesabiwa kuwa Kiingereza unakijua. Halina mtihani wa sheria za jimbo kama Texas. Halichukui alama za vidole kwa ajili ya leseni, ingawa mwajiri anaweza kuzitaka. Wala haliweki ukomo wa mara za kurudia NCLEX.

Ubaya wake upo pia. Mafaili hukaa, na kupiga simu kila siku hakuyaharakishi. Leseni haivuki mpaka wa jimbo (swali la 16). Na mwenye diploma anabaki na deni la shahada (swali la 15).

## Vyeti na nyaraka

5. Nina diploma ya KRCHN (Kenya Registered Community Health Nurse) au stashahada ya Tanzania. Inatosha kuwa RN?

Kwa kawaida ndiyo njia ya RN, kwa sharti kwamba ulisomea uuguzi wa jumla na baraza la nchi yako limekusajili kwa daraja hilo. Wakaguzi wanatafuta nadharia na vitendo katika maeneo manne: watu wazima (tiba na upasuaji), watoto, uzazi, na afya ya akili.

Mtaala wa KRCHN unayo yote manne, na juu yake ukunga na afya ya jamii. Kinachokwamisha mara nyingi ni transkripti. Nyingi zinaonyesha alama tu: "Paediatrics, 64%". Mkaguzi anataka saa, za darasani peke yake na za wodini peke yake. Kabla hujalipia chochote, mwombe msajili wa chuo aandae mchanganuo wa saa wenye muhuri. Afya ya akili ndiyo huonekana pungufu zaidi, hasa kwa waliofanya mzunguko wa wiki chache ambao haukuandikwa popote.

Aliyesomea ukunga peke yake, au uuguzi wa akili peke yake kama programu ya msingi, asitegemee kupita. Huyo hana uuguzi wa jumla.

6. Mimi ni enrolled nurse, au nimesomea Kongo kiwango cha A2. Je?

Hapo ugumu unaanza. Cheti cha enrolled ni daraja la pili, na A2 ni elimu ya ngazi ya sekondari. Kwa RN vyote viwili kwa kawaida havifiki. A1, yaani miaka mitatu baada ya diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari), hupelekwa kama programu ya RN, na A0, yaani ngazi ya shahada, vilevile.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba LPN, kama ulimaliza sekondari na masomo yako yanakubalika kwa daraja hilo. Ya pili ni kusoma upya hapa (swali la 20). Usilipie uhakiki wa RN kwa tumaini kwamba karani hataona. Ataona.

7. Nyaraka hutumwaje? Nina nakala zilizothibitishwa na wakili.

Za wakili weka kabatini. Kanuni ni moja: karatasi isipite mikononi mwako. Chuo hutuma transkripti chenyewe, na baraza (NCK kwa Kenya, TNMC kwa Tanzania, UNMC kwa Uganda) hutuma uthibitisho wa usajili lenyewe, kwenda kwa shirika la uhakiki. Shirika ambalo limefanya kazi hii kwa New York miaka mingi ni CGFNS, ambalo mwaka 2025 lilichukua jina la TruMerit. Huduma inayohusika ni ile ya uhakiki wa vyeti kwa ajili ya jimbo la New York. Ziko huduma zao nyingine zenye majina yanayokaribiana, na kulipia isiyo yako ni kosa la kila wiki.

Shirika hilo halikubali wala kukataa. Linakusanya, linahakiki kwamba karatasi ni halali, kisha linapeleka faili Albany. Uamuzi ni wa Idara.

Kule nyumbani, fuatilia kwa miguu. Fomu ya uhakiki ikifika chuoni hukaa kwenye trei ya mtu. Mtume ndugu mwenye barua ya idhini, nakala ya kitambulisho chako na risiti ya ada ya transkripti, aulize jina la anayeshughulikia na tarehe ya kutuma. Bahasha ikifika imefunguliwa, au bila muhuri juu ya gundi, utarudi mwanzo.

8. Majina yangu hayafanani kwenye vyeti. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa kuliko mtihani. Chukua mfano: cheti cha sekondari kinasema Wanjiru Mary Njeri, transkripti Mary W. Njeri, na pasi, baada ya ndoa, Mary Njeri Kamau. Kwetu kila mtu anajua ni mama mmoja. Kompyuta inaona watu watatu, na kila karatasi inaingia faili lake.

Chagua jina la pasi liwe jina la safari nzima. Litumie hilo hilo, herufi kwa herufi, kwenye fomu ya jimbo, shirika la uhakiki na Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani wa NCLEX. Majina mengine yaandike kwenye nafasi ya majina ya awali, kisha uambatishe cheti cha ndoa, hati ya kubadili jina au kiapo. Kama baraza lako bado lina jina la zamani, libadilishe huko kwanza, kabla halijatuma chochote.

9. Nyaraka zangu ni za Kifaransa au Kiswahili.

Zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayethibitisha kazi yake kwa maandishi na saini. Usitafsiri mwenyewe, hata ukiwa mwalimu wa lugha. Nakala ya lugha ya asili huenda pamoja na tafsiri.

## Maombi

10. Nifuate mpangilio gani?

Wengi huanza na NCLEX kwa kununua vitabu. Anza na karatasi, kwa sababu ndizo zinazochukua miezi na vitabu havikimbii. Mpangilio unaotupotezea muda mdogo ni huu: sahihisha majina, pata mchanganuo wa saa, fungua uhakiki wa vyeti, jaza Form 1 ya jimbo (fomu ya kuomba leseni) mtandaoni na ulipe, maliza mafunzo mawili ya lazima (swali la 11), jiandikishe Pearson VUE. Idara ikiridhika na elimu yako, inawajulisha Pearson VUE, nawe unapokea kwa barua pepe idhini ya kufanya mtihani.

Idhini hiyo ina tarehe ya kwanza na ya mwisho. Ikipita, dola 200 za usajili zimekwenda na maji. Kwa hiyo usijiandikishe Pearson VUE siku ile ile unayotuma Form 1 kama faili la vyeti bado halijaanza kusogea.

Tumia barua pepe ambayo utakuwa nayo miaka mitano ijayo. Ya kazini achana nayo.

11. Mafunzo ya lazima ni yapi?

Ni mawili, na yote yanapatikana mtandaoni kwa watoa huduma walioidhinishwa na jimbo. Moja ni la kutambua na kuripoti unyanyasaji wa watoto, saa 2, la mara moja. Jingine ni la kuzuia maambukizi, ambalo sasa lina sehemu ya sepsisi, na hurudiwa kila baada ya miaka 4. Semina ya kuzuia maambukizi (IPC) uliyofanya hospitali ya wilaya haihesabiki, hata kama ilikuwa nzuri zaidi.

12. Niandae pesa kiasi gani?

Dola 143 za jimbo na dola 200 za NCLEX ndizo za uhakika. Ukifanyia mtihani nje ya Marekani unaongeza dola 150 za kupanga tarehe, na kodi pale inapotozwa. Kisha kuna ada ya uhakiki, ada za chuo na baraza, kurieri, na mafunzo mawili. Wanaoishiwa katikati ni wale waliopiga hesabu ya mtihani tu wakasahau nauli na hoteli ya kuufuata.

## Mtihani wa NCLEX-RN

13. Mtihani ukoje, na kompyuta ikizima kwenye swali la 85 nimefeli?

Ni wa kompyuta inayokupima kadiri unavyojibu: ukipata, linalofuata linakuwa gumu, ukikosa, linalegea. Maswali ni 85 kwa uchache na 150 kwa wingi, muda wa saa 5. Kumi na tano hayahesabiwi, na hutayajua. Tangu 1 Aprili 2023 kuna visa vitatu vya mgonjwa, kila kimoja na maswali 6, na sehemu ya jibu inaweza kukupa sehemu ya alama.

Kompyuta huzima pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya mstari. Kwa hiyo 85 inaweza kuwa kufaulu au kufeli, na 150 vilevile. Usikae nje ya chumba ukilia kabla ya matokeo. Kinachofelisha bila mjadala ni muda kuisha kabla hujafika 85.

Sasa yale yanayotuangusha sisi hasa. Kwanza, majina ya dawa: parasetamoli inaitwa acetaminophen, adrenalini ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Pili, vipimo: sukari iko kwa mg/dL. Zidisha mmol/L kwa 18. Kwa hiyo 5.5 uliyoizoea inasomeka 99, na anayeona 99 kwa macho ya nyumbani atakimbilia insulini. Tatu, kugawa kazi: nani apewe LPN, nani msaidizi, nani abaki na RN. Wodi zetu nyingi muuguzi hufanya yote peke yake, kwa hiyo mada hii isome kama somo jipya. Nne, mtihani unaifikiria hospitali ambayo glovu hazijaisha na daktari anapokea simu. Jibu kwa hospitali hiyo. Na mgonjwa mwenye homa kwenye NCLEX karibu kila mara hana malaria.

Kuhusu kituo: fungua orodha ya Pearson VUE siku unayopanga, maana vituo vya nje ya Marekani ni vichache na nafasi hujaa; Johannesburg kimetumiwa na wengi kutoka kwetu. Nje ya Marekani kitambulisho ni pasi tu, isiyoisha muda, yenye jina lile lile la idhini. Utapigwa picha na kuskaniwa mishipa ya kiganja, na simu itafungwa kwenye mfuko.

14. Nimefeli. Sasa?

Subiri siku 45, jiandikishe tena, lipa tena dola 200. Utapewa ripoti inayoonyesha kila eneo kama uko juu, karibu au chini ya kiwango. Soma maeneo ya chini kwanza, kisha ya karibu. Kurudia kitabu chote tangu ukurasa wa kwanza ni kujifariji.

## Baada ya leseni

15. Leseni inaisha lini, na hii habari ya shahada ndani ya miaka 10 ni kweli?

Leseni yenyewe haiishi, isipokuwa ifutwe. Kinachoisha ni usajili wa kufanya kazi, unaohuishwa kila baada ya miaka 3. Ukiacha kuhuisha, bado una leseni lakini huruhusiwi kushika zamu.

Na ndiyo, ya shahada ni kweli. Sheria ilitiwa saini Desemba 2017: RN anayepata leseni New York akiwa na diploma au shahada ya miaka miwili anatakiwa kupata shahada ya kwanza ya uuguzi au zaidi ndani ya miaka 10 tangu leseni ya kwanza. Waliokuwa na leseni ya New York kabla ya 18 Juni 2020 hawaguswi. Asiyetimiza, usajili wake unaweza kusimamishwa.

Mwenye BScN (shahada ya kwanza ya uuguzi) inayokubalika kuwa sawa hana deni hilo. Mwenye KRCHN analo, na saa yake inaanza siku ya leseni, si siku ya kufika Marekani. Ukipata leseni ukiwa Eldoret na visa ikachelewa miaka mitano, umebakiwa na mitano. Kama unaweza kumaliza shahada nyumbani wakati unasubiri, maliza.

16. Naishi Jersey City, nafanya kazi Manhattan. Leseni moja inatosha?

Haitoshi. New Jersey iko kwenye mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni, New York haiko. Leseni ya majimbo mengi uliyopewa New Jersey inaishia kwenye Mto Hudson. Ukivuka unahitaji ya New York.

Mtihani, hata hivyo, haurudiwi. NCLEX uliyofaulu kupitia jimbo moja ni halali kwa yote; unaomba leseni ya pili kwa kuthibitisha ile ya kwanza. Ila jimbo la pili linaweza kudai yale ambayo New York haikudai, mtihani wa Kiingereza ukiwemo.

17. Nina leseni lakini niko nyumbani. Visa naipataje?

Kwa mwajiri. Njia ya kawaida ni green card ya ajira ya kundi la EB-3: mwajiri anawasilisha fomu I-140. Wauguzi wako kwenye orodha iitwayo Schedule A, kwa hiyo mwajiri anasamehewa hatua ndefu ya kuthibitisha kwamba amekosa Wamarekani wa kazi hiyo. Kisha foleni, kwa tarehe zinazotangazwa kila mwezi, halafu mahojiano ubalozini.

Hapo ndipo VisaScreen inapoingia, cheti cha miaka 5 kinachokagua elimu, leseni na Kiingereza. Kenya na Tanzania hazisamehewi mtihani wa lugha, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwa RN, kiwango cha IELTS ya kitaaluma kimekuwa 6.5 kwa jumla na 7 kwenye kuzungumza. Aliyeingia kwa bahati nasibu ya visa au kwa familia hahitaji VisaScreen.

18. Wakala anataka nisaini mkataba wenye faini. Nisaini?

Usisaini kabla mwanasheria wako, si wake, hajausoma. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliyoko Brooklyn iliamua kwamba faini ya dola 25,000 iliyowekwa kwenye mikataba ya wauguzi kutoka Ufilipino, ili wasiache kazi, ilivunja sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu.

Jihadhari pia na anayeuza njia ya mkato. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya diploma za uuguzi zaidi ya 7,600 zilizouzwa na vyuo vya Florida. Walionunua walifanya NCLEX, wengine wakafaulu, na majimbo yakaanza kuwafuatilia leseni zao.

## Hali za pekee

19. Mimi ni mkunga pia. Naweza kuzalisha?

Si kwa leseni ya RN. Ukunga New York ni taaluma yenye leseni yake, na elimu inayodaiwa ni ya kiwango cha shahada ya uzamili au inayolingana nayo. Kama RN utafanya kazi kwenye wodi ya uzazi, utapima njia na kusikiliza moyo wa mtoto, lakini wa kupokea mtoto ni daktari au mkunga mwenye leseni. Hili huwauma wengi waliozalisha mamia.

20. Chuo changu kimeungua, nchi iko vitani, hakuna anayejibu. Nifanyeje?

Wakongo wengi walioko Buffalo, Rochester na Syracuse wako katika hali hii. Kwanza jaribu wizara na baraza la nchi, maana huenda wana orodha ya wahitimu hata kama chuo hakipo. Andika kwa barua pepe, weka kila jibu na kila ukimya wenye tarehe, kisha iandikie Idara ukieleza na kuambatisha ulichonacho.

Kama mlango haufunguki, hesabu bila huruma: miaka mitatu ya kufuatilia karatasi, au miwili ya chuo cha jamii (community college) ukitoka na shahada ya RN ya hapa? Monroe Community College huko Rochester, na Hostos na Bronx Community College katika Jiji la New York, vina programu hizo. Nafasi hugombewa, na kuna masomo ya kutangulia kama anatomia na kemia. Sharti la shahada la swali la 15 litakuhusu.

21. Niliwahi kushtakiwa au kufungiwa leseni nyumbani. Nitaje?

Taja. Form 1 inauliza juu ya hukumu, kesi zinazoendelea na hatua za kinidhamu popote duniani. Ambatisha hukumu na barua fupi ya maelezo. Kesi ya zamani huweza kusamehewa baada ya kuchunguzwa. Uongo kwenye fomu ni kosa jipya, lenye tarehe ya leo na saini yako, na baraza la nyumbani litakuwa limekwisha kuandika ukweli kwenye uthibitisho wake.